Wauguzi wa thieta nao wakingwe na mionzi

Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, alinijia majuzi akiwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuwa mgonjwa. "Daktari," akaniuliza, "ni kweli nikinywa maziwa baada ya kazi ile mionzi hutoka mwilini?" Shauri hilo alipewa na wenzake, nao walipewa na waliowatangulia.

Nilimwambia maziwa yatamfaa yeye na mimba yake, lakini hayaoshi mionzi. Ameniruhusu nieleze kisa chake bila jina.

Msomaji, eksirei ya kawaida waijua: mgonjwa huingia chumbani, mpigaji picha hujikinga nyuma ya ukuta, picha hupigwa, basi. Ndani ya thieta mambo ni mengine. Kijana aliyeanguka na bodaboda pale Mwembe Tayari akavunjika mfupa wa paja, daktari wa mifupa humtia chuma ndani ya mfupa huku akitazama skrini. Mashine yenye mkono uliopinda humzunguka mgonjwa, na hutoa mionzi kila daktari anapokanyaga kikanyagio. Ukuta wa kujikinga hakuna. Daktari yupo, msaidizi yupo, wa nusukaputi yuko kichwani, na muuguzi amesimama na vyombo vyake.

Wengi, hata baadhi ya madaktari wenzangu, hudhani hatari iko kwenye mashine tu. La. Mionzi ikigonga mwili wa mgonjwa, sehemu yake hutawanyika kila upande, nayo ndiyo huwapata walio kando ya meza. Ndiyo maana kurudi nyuma ni kinga kubwa: ukisimama mita 2 badala ya mita 1, hukupata kama robo tu. Kinga hii haina bei. Yataka daktari apaze sauti, "Eksirei!", kabla ya kukanyaga, ili asiye na kazi pale mezani asogee. Naye akiondoa mguu, mionzi huisha papo hapo kama taa iliyozimwa. Haibaki ukutani wala kwenye mashuka, jambo ambalo wafagizi wengine huliogopa bure.

Kwa wasioweza kusogea kuna aproni za risasi (madini, si ile ya bunduki). Yule dada aliniambia thieta yao ina aproni tatu, na watu huwa sita. Huvaliwa kwa cheo. Isitoshe, moja hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati, na aproni ikikunjwa hupasuka ndani bila kuonekana kwa nje. Yapasa itundikwe.

Sheria ipo. Kenya ilitunga sheria ya kinga dhidi ya mionzi mwaka 1982, na mwaka 2019 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyounda mamlaka ya kusimamia kazi hii. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kwa mtoto aliye tumboni ni 1 tu kwa muda uliobaki wa mimba, tangu mama atoe taarifa. Mwaka 2011 wataalamu waliteremsha kiwango cha macho kutoka 150 hadi 20, kwa kuwa mtoto wa jicho huweza kuletwa na mionzi kidogo kuliko walivyodhani. Lakini pasipo beji ya kupimia kifuani, nani atajua amepata kiasi gani?

Sisemi haya ili mtu akatae kutiwa chuma. Faida kwa mgonjwa ni kubwa mno kuliko hatari. Nasema hospitali inayonunua mashine ya mamilioni ya shilingi ikashindwa na aproni sita haijamaliza kununua mashine.

Yule dada alikuwa hajamwarifu msimamizi wake kuhusu mimba. Alichelea kuitwa mvivu. Nilimwandikia barua, naye amehamishiwa kliniki ya akina mama hadi ajifungue. Alipouliza habari za beji yake, ilipatikana ndani ya droo ya ofisi pamoja na za wenzake, zote zingali kwenye bahasha.