Rangi Haibebi Boti



Katika viwanda vya samaki vilivyo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kiko chombo ambacho wakubwa hawakitaji katika mikutano yao. Chombo hicho ni tela la kuvutia boti. Hufungwa nyuma ya trekta, likateremshwa majini, boti ikapandishwa juu yake na kuvutwa hadi nchi kavu kwa matengenezo. Wanaoipandisha ni wafanyakazi waliosimama majini mpaka kiunoni, wakisukuma kwa mabega. Wengi wao ni vibarua wa kutwa. Tela likivunjika, halimwangukii meneja.

Tunaandika habari hii kwa sababu swali ni lile lile kila tunapotembelea matawi yetu: tela limeshika kutu, je, litengenezwe au linunuliwe jingine? Na jibu la uongozi mara nyingi ni lile lile: kopo la rangi.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwa madai yake bado yanazungumzwa, wafanyakazi walieleza kwamba tela linalia na kuyumba. Likapakwa rangi ya buluu, liking'aa kama limetoka dukani. Miezi michache baadaye fremu ilikatika boti ikiwa juu, na mwenzetu mmoja akavunjika mguu. Tulipatazama mahali lilipokatikia. Chuma kilikuwa chembamba kama kopo la maziwa, na ndani yake mlikuwa na tope la kutu. Nje, rangi ilikuwa bado mpya.

Inafaa basi tuelezane kutu inavyofanya kazi, maana asiyekijua chombo chake hawezi kukitetea mbele ya mwajiri. Fremu za matela mengi ni mabomba ya mraba yaliyo matupu ndani. Maji huingia kwa matundu ya bolti na kwa ncha zisizozibwa. Tela likitolewa ziwani, maji ya nje hukaushwa na jua, lakini ya ndani hubaki pamoja na matope. Kutu inahitaji maji na hewa tu, na humo ndani vyote viwili vipo mchana na usiku. Kwa hiyo chuma huliwa kutoka ndani kuja nje, mahali ambapo brashi haifiki. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, ndiyo maana kazi hiyo huenda polepole kuliko kwa ndugu zetu wa Mombasa na Tanga. Lakini kwenda polepole si kusimama.

Magurudumu nayo yana ugonjwa wao. Habu hupata joto njiani. Ikitumbukizwa katika maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Grisi huharibika, beringi hushika kutu, na siku moja gurudumu hukwama au huchomoka.

Sisi hatusemi kwamba kila penye kutu patupwe. Fedha za kiwanda zikitumika ovyo, siku ya kudai mishahara tutaambiwa mfuko ni mtupu. Beringi, sili, bolti, springi na waya wa winchi ni vitu vya kubadilishwa, na tela likaendelea na kazi. Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya kawaida. Hayo ni matengenezo ya kweli. Lakini fremu, mkono wa kuvutia na ekseli ndiyo mifupa ya tela. Mifupa ikishaliwa, kiraka si dawa.

Wakubwa hupenda kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni kweli kwa ukuta ambao matofali yake ni mazima. Ukiziba ufa wa ukuta uliokwisha kuliwa na mchwa, umewaficha tu wanaolala ndani wasijue kwamba utawaangukia.

Mfanyakazi atajuaje kama mifupa imeliwa? Achukue nyundo ndogo, agonge fremu taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa, na magamba hudondoka. Penye magamba achomeke ncha ya bisibisi. Ikizama, hapo hapana chuma tena. Aangalie zaidi upande wa chini, kwenye matundu ya bolti na mahali ekseli inaposhikana na fremu. Hiyo ni kazi ya nusu saa, wala haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Tusimsahau fundi wa kuchomelea, maana naye ni mfanyakazi. Akiambiwa abandike kiraka juu ya chuma kilichoisha, moto hutoboa matundu mapya, na ndani ya bomba kutu inabaki pale pale. Na kama tela lilipakwa zinki, moshi wa zinki humletea homa na kutetemeka usiku ule, kana kwamba ana malaria. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanywe penye hewa ya kutosha. Asipofanyiwa hivyo, anaumia yeye ili wengine waje kuumia baadaye.

Tunaambiwa kwamba tela jipya ni ghali. Tunakubali kwamba si rahisi. Lakini mhasibu anapopiga hesabu, aandike pande zote mbili: boti itakayopasuka, injini itakayozama, siku za kazi zitakazopotea, na fidia inayotakiwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000. Tena tunakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipokataa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyotumiwa katika uvuvi. Viwanda vilihangaika kuwaridhisha wakaguzi ili soko lifunguliwe. Mnunuzi alipodai, fedha zilitafutwa na zikapatikana. Mnunuzi hulikagua sakafu, meza na barafu, maana samaki hupita hapo. Tela hapiti kulitazama. Mkaguzi wake ni yule aliyesimama chini yake, na huyo asiposema, hakuna mwingine atakayesema.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa. Kibarua akikataa leo, kesho mwingine amesimama mahali pake. Analijua tela vizuri kuliko meneja, lakini ananyamaza kwa ajili ya chakula cha watoto. Kwa hiyo sisi wenye kazi za kudumu, wenye kadi za chama, ndio tunaopaswa kusema kwa niaba yake. Chama kinachowatetea wenye kadi peke yao ni nusu ya chama.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuweka mitambo katika hali ya usalama. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Na mwaka 2022 Shirika hilo liliweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Tunadai mambo manne:

1. Kila miezi mitatu tela lipimwe kwa nyundo mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, na matokeo yaandikwe katika daftari.

2. Fremu, mkono au ekseli ikionekana imeliwa, tela lisimame siku ile ile. Anayeamua awe fundi, si mhasibu.

3. Tela jipya liwe limechovywa zinki ndani na nje, liwe na matundu ya kutolea maji, na lioshwe kila baada ya kazi. Hapo litadumu, na fedha zitakuwa zimetumika vizuri.

4. Anayekataa kusimama chini ya tela lililoliwa, awe wa kudumu au kibarua, asifukuzwe wala asikatwe ujira wa siku.

Nanyi ndugu wa mashamba ya miwa na chai, msiseme habari hii ni ya watu wa ziwani. Tela la miwa linalala kwenye mvua, na tela linalowapeleka watu shambani alfajiri lina mifupa ile ile ya chuma. Mkutano ujao wa tawi lenu, nendeni na nyundo. Pigeni kabla watu hawajapanda, msikilize chuma kinasema nini, kisha mlete daftari kwa chama.

Umoja ni nguvu.