Amemaliza dawa, kikohozi kipo palepale

Mzazi mwenzangu, juzi jioni jirani yangu alibisha hodi akiwa na chupa tupu ya dawa mkononi. Mwanawe wa miaka saba alikuwa anakohoa wiki ya pili. Amemaliza amoksisilini kama alivyoandikiwa, lakini usiku kikohozi kikavu hakimpi usingizi. Mchana anacheza na shule anakwenda.

“Dada, nimnunulie chupa nyingine, au hii ilikuwa feki?” akaniuliza.

Nikamwambia dawa inaweza kuwa nzima, ila haikukutana na mdudu wake. Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, ambavyo amoksisilini haviwezi. Lakini pia yupo bakteria aitwaye maikoplazma, anayependa watoto wa umri wa shule na kuwaletea nimonia isiyo ya kawaida. Amoksisilini huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wao. Maikoplazma hana ukuta huo. Ukimnywesha mtoto chupa tatu, unatwanga maji kwenye kinu.

Atajulikanaje? Zamani ilikuwa kazi. Kumwotesha maabara huchukua wiki kadhaa. Kipimo cha damu kinachoaminika kilitaka damu ichukuliwe mara mbili, wiki kadhaa zikipita katikati. Majibu yakija, mtoto keshapona.

Siku hizi kipo kipimo cha vinasaba, kiitwacho PCR, kilekile tulichokizoea wakati wa UVIKO-19. Mhudumu hupitisha kijiti chenye pamba kooni au puani. Mashine hutafuta vinasaba vya mdudu na kuvinakili mara nyingi mno mpaka hata vichache vionekane. Majibu yanaweza kutoka ndani ya saa chache. Sampuli hiyohiyo inaweza kutafutiwa wadudu wengine, akiwemo wa kifaduro. Daktari akimjua mdudu, anachagua dawa inayomfaa.

Lakini kipimo hiki nacho kina mipaka yake. Maikoplazma anaweza kukaa kooni mwa mtoto mzima asiyeumwa, au kubaki wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo karatasi ikisema “yupo”, bado daktari atasikiliza kifua na kuuliza maswali kabla ya kuamua. Tena hakipatikani kila hospitali na si rahisi kwa bei. Husaidia zaidi kwa mtoto aliyelazwa, au ambaye dawa ya kwanza haikumsaidia.

Jirani yangu alirudi hospitali kesho yake na chupa yake tupu. Kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimetimiza wiki mbili, walianza kwa kumchunguza TB, na hakuwa nayo. Kisha daktari akauliza: nani mwingine nyumbani alikohoa? Kumbe dada yake alikohoa wiki tatu nyuma. Maikoplazma huchukua kati ya wiki moja na nne tangu kuambukiza hadi dalili kutokea. Kipimo cha PCR hakikuwepo pale, lakini jibu hilo, kifua alichokisikiliza na ile chupa tupu vilimtosha daktari kubadilisha dawa.

Usiibadilishe mwenyewe dukani. Dawa kama azithromaisini ikitumika ovyo, wadudu huizoea. Nchini China maikoplazma wengi tayari hawasikii dawa za kundi hilo.

Na usisubiri kipimo chochote ukiona mtoto anapumua haraka. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea, mwahishe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Akiwa na kikohozi kisichoisha, nenda na mambo matatu: jina la dawa aliyomaliza, siku aliyoanza kukohoa, na nani mwingine nyumbani au darasani anakohoa. Kisha uliza: “Daktari, kuna haja ya kumpima mdudu gani anamsumbua?” Kuuliza si ubishi.

Tukutane wiki ijayo.