Fyuzi Ikiungua, Nani Alipe?



Malalamiko haya yametoka kwa madereva wa Shanzu, wale wapelekao vyakula na vinywaji kwenye mahoteli kwa pikapu na malori madogo yaliyokwisha kuwa makuukuu. Asubuhi dereva awasha gari, injini yanguruma vizuri, lakini mkono wa gia hautoki penye P. Akanyaga breki, taniboi aliye nyuma asema taa haziwaki. Tajiri akija asema, "Umeniharibia gia." Mwisho wa mwezi mshahara umepungua.

Na tuitazame kazi yenyewe kwanza. Katika magari mengi ya Kijapani yenye gia za otomatiki, ugonjwa wa taa na ugonjwa wa gia ni mmoja. Juu ya pedali ya breki pana swichi ndogo. Umeme watoka kwenye betri, wapita katika fyuzi, wafika penye swichi hiyo. Mguu ukikanyaga, umeme waenda nyuma kuwasha taa, na swichi ile ile ndiyo iamuruyo sumaku iliyo chini ya mkono wa gia ifungue komeo. Yalitengenezwa hivyo kwa makusudi, ili mtu asitoe gari penye P bila ya kukanyaga breki. Basi fyuzi ikiungua au swichi ikifa, taa zazima na gia yafungwa kwa pamoja. Giaboksi haina kosa lolote, na fundi atakaye kuishusha mwulizeni kwanza kama ameitazama fyuzi.

Taa zikiwaka lakini gia haitoki, swichi ya pedali haina neno. Tafuteni penye sumaku ya gia na waya wake. Gia ikitoka lakini taa haziwaki, basi ni balbu, soketi zake, au waya unaofungwa kwenye chesisi. Huku kwetu waya huo ndio adui mkubwa, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi, na penye boliti hufanya kutu usioonekana mpaka ufunguliwe. Mkiona breki ikikanyagwa na taa za kona zinawaka kwa unyonge, msinunue balbu. Futeni kutu kwa msasa, mkaze boliti.

Liko kosa jingine ambalo wengi hulicheka, nalo ni la hatari kuliko yote. Kwenye mkono wa pedali huwa kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachosukuma swichi. Gari likizeeka kipande hicho huvunjika na kuanguka miguuni pa dereva kama takataka. Tokea hapo taa za breki hazizimi, betri yalala usiku na kufa, na gia yatoka bila ya mguu kugusa breki. Taniboi au mtoto akiuvuta mkono wa gia, gari laondoka. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo sana.

Fyuzi mpya nayo ikiungua papo hapo, upo waya uliochubuka unaogusa chuma, mara nyingi nyuma karibu na taa au penye waya wa trela. Msitie fyuzi ya ampea 30 mahali pa 15, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Hapo moto utakaounguza fyuzi utaunguza gari. Na gari likikwama katikati ya barabara ya Malindi, mengi yana kijitundu kando ya mkono wa gia cha kufungulia komeo kwa ufunguo. Kazeni breki ya mkono, wekeni jiwe kwenye gurudumu, ndipo mfungue. Mlisogeze pembeni, si kuendelea na safari bila taa. Polisi humkamata aliyeshika usukani.

Sasa nani alipe? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Fyuzi iliyoungua kwa waya mkuukuu si makusudi ya mtu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwenye mahali pa kazi hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Kwa hiyo ripotini kwa maandishi: tarehe, nambari ya gari, taa zilifanyaje, gia ilifanyaje. Mbakie na nakala. Waliokwisha kukatwa mishahara kwa jambo hili walete hati zao za mshahara kwa mwakilishi wa tawi, hata kama pesa ni kidogo.