Tuulize muhogo ulilowekwa siku ngapi

Anayenunua unga wa muhogo mpakani huuliza mambo mawili: bei gani, na je, ni mweupe? Mimi naomba tuongeze swali la tatu: muhogo huu ulilowekwa siku ngapi? Swali hilo linahusu miguu ya watoto wetu.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwalimu, mkazi wa Mutanga Sud, na shule nilisomea ukimbizini mkoani Kigoma. Kule na huku mama zetu huloweka muhogo mchungu siku 3 hadi 5 ndipo wauanike. Kwa Kirundi twauita ikivunde. Wapo vijana wanaodhani huo ni ushamba. Sivyo, hiyo ni kemia.

Ndani ya seli za mzizi wa muhogo imehifadhiwa linamarini. Kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Mzizi ukiwa mzima, hivi viwili havikutani. Ukikunwa au ukivundikwa majini, seli hupasuka, kimeng'enya huivunja linamarini, na sumu ya sianidi hutoka ikapotelea majini na hewani. Lakini kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu. Vipande vinene vikianikwa haraka hukauka kabla kazi haijaisha, na sumu hubaki ndani ya unga mweupe kabisa.

Madhara yake si hadithi. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime nchini Tanzania ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na kina mama wanaokula muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka, bila maharage wala samaki.

Najua mtaji ni mdogo na njaa haisubiri. Basi ipo njia ya Profesa Howard Bradbury wa Australia, iliyokwisha kutumika vijijini Kongo: unga huchanganywa na maji, hutandazwa tabaka jembamba kivulini kwa muda wa saa 5, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichosalia humalizia kazi yake.

Hata hivyo, dawa kubwa iko mikononi mwetu wanunuzi. Tukilipa bei ileile kwa unga wa siku moja na wa siku tano, nani atajisumbua kuloweka?