Rehani ya Shamba na Daftari la Nyumba: Nani Atamsubiri Mdaiwa?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika misikiti ya milima yetu ya Usambara, kuanzia Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae, somo la uharamu wa riba si geni. Khutba zake tumezisikia, na mafundisho ya Suratul-Baqara kuanzia aya ya 275 yanafahamika hata kwa watoto wa madrasa. Mwezi huu tunataka kulizungumza jambo linalofuata baada ya khutba kwisha, pale mwenye deni anaporejea nyumbani na kuikuta barua ya mkopeshaji mezani, huku nyumba au shamba lake likiwa rehani.

Rai yetu ni hii. Shamba la familia halipotei siku ya mnada. Hupotea siku ile marejesho ya kila mwezi yanapofungwa kwenye pato la msimu bila ya hesabu, na hupotea moja kwa moja pale jamaa ya msikiti inapomwacha mdaiwa peke yake. Kwa hiyo, kuikemea riba juu ya mimbari ni wajibu, lakini hakutoshelezi.

Pato la msimu, deni la mwezi

Tuitazame hali ya watu wetu. Mkulima wa Lushoto huuza kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya na matunda. Mazao hayo hayasubiri bei. Yakishaiva ni lazima yateremshwe Mombo, yaende Tanga au Dar es Salaam, na bei huamuliwa na wingi wa magari yaliyoingia sokoni siku hiyo. Mvua ikizidi, udongo na mawe huporomoka katika barabara ya Soni na mzigo ukaoza njiani. Fedha huingia kwa mkupuo baada ya mavuno, kisha hupita miezi mikavu isiyoingiza kitu.

Wapo pia wakulima wa chai. Ndugu zetu wa upande wa Bumbuli wanakumbuka jinsi kiwanda cha chai cha Mponde kilivyofungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, na jinsi miaka ilivyopita majani yakikosa pa kupelekwa. Mwenye deni katika miaka hiyo hakuwa mvivu wala mlevi. Michai yake ilisimama shambani, lakini hapakuwa na mnunuzi.

Mkopeshaji kwa upande wake hahesabu masika wala vuli. Anahesabu tarehe. Hapo ndipo lilipo shina la tatizo: mkopo uliotengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara anapewa mtu wa msimu. Hata mtumishi wa serikali, ambaye utaratibu unataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, huona taabu theluthi hiyo inapotakiwa ilishe, ivishe na isomeshe.

Tuufanyie mkopo hesabu kabla ya kutia saini

Tuchukue mfano. Mtu anakopa shilingi 10,000,000 ili amalizie nyumba, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, kwa muda wa miaka 10. Marejesho yake yatakuwa kiasi cha shilingi 180,000 kila mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, shilingi 150,000 ni riba tupu, na kiasi cha 30,000 tu ndicho kinachopunguza deni. Baada ya miaka 5 atakuwa amelipa zaidi ya milioni 10.8, yaani zaidi ya kile alichokopa, na bado atadaiwa kiasi cha milioni 7.1. Hadi kumaliza atakuwa ametoa zaidi ya milioni 21.6. Amejenga nyumba moja na amelipia mbili.

Hayo ni ya benki, ambako angalau kuna mkataba unaosomeka. Huku mitaani kuna ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, nacho ni asilimia 42 kwa mwaka, lakini wako wanaokopesha bila leseni na kutoza kupita hapo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Mtu hukopa kwa simu ili alipe benki, kisha hukopa kwa jirani ili alipe simu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na leo mwenye kufiwa katika matanga hayo ni familia nzima.

Rehani si haramu, hatari imo katika masharti

Isieleweke kwamba tunaikataa rehani yenyewe. Qur'ani imeitaja katika Suratul-Baqara aya ya 283, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa imewekwa rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri ya kulisha ahali zake. Rehani ni amana ya kumtuliza mkopeshaji. Inapofungamanishwa na riba, hugeuka mtego.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliyaona haya kabla yetu. Huko, wenye mashamba ya mikarafuu waliyaweka mashamba yao kwa wakopeshaji kwa mapatano yaliyovikwa vazi la kuuziana: shamba "liliuzwa" kwa sharti la kukombolewa, kisha mwenyewe akawa analipa kodi ili abaki ndani yake. Kodi ile ilikuwa riba iliyobadilishwa jina. Deni likafura hata serikali ya wakati huo ikalazimika, mwaka 1934, kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe. Kubadilisha jina la jambo hakubadilishi hukumu yake, wala hakumpunguzii mdaiwa mzigo.

Nasi katika milima hii tunayo sababu zaidi ya kuogopa. Viwanja vyetu ni vidogo, vimegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, na misitu kama Magamba na Shagayu imehifadhiwa. Hakuna pori la kwenda kufyeka. Mwenye kulipoteza shamba Usambara hapati jingine. Watoto wake huteremka Mombo wakaenda kutembeza bidhaa mijini. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mpango wa kurasimisha rasilimali za wanyonge ulioanza mwaka 2004, wengi wamehimizwa kupata hati za kimila ili ziwe dhamana. Hati ni kinga njema ya haki, lakini ikumbukwe kwamba karatasi inayomfungulia mkulima mlango wa benki ndiyo hiyo hiyo inayomfungulia dalali mlango wa shamba.

Kwa hiyo tunasema wazi: nyumba au shamba lisiwekwe rehani kwa ajili ya kula, kuoza, kufanya karamu au kununua kitu cha fahari. Na mume asiliweke rehani kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa dhamana. Mke anayeletewa karatasi atie saini ana haki ya kuuliza: kiasi gani, kwa muda gani, na tutalipa kwa pato lipi?

Daftari la nyumba

Mafunzo ya bajeti hatuna haja ya kuyatafuta mbali. Nabii Yusuf (a.s.), katika sura yenye jina lake, aya ya 47 na zinazofuata, alipanga chakula cha miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Huyo ndiye mwalimu wa watu wa msimu. Neema haikuliwa ilipoingia, bali iligawanywa kwa miezi itakayokuja. Na Suratul-Furqan aya ya 67 inawasifu wanaokaa katikati, si wafujaji wala mabakhili.

Kila nyumba iwe na daftari lenye sehemu tatu: kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa. Mume na mke walisome pamoja kila wiki. Baada ya mavuno, kabla fedha haijagawanyika, wahesabu miezi iliyobaki mpaka mavuno mengine. Tuseme familia imepata shilingi 1,500,000 baada ya gharama zote, na mbele yao kuna miezi minne. Ikiwa marejesho ni 180,000, basi 720,000 zitengwe siku hiyo hiyo. Zinabaki 780,000, yaani 195,000 kwa mwezi, kwa ajili ya chakula, dawa, mbegu, mbolea, sare na michango ya shule. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini daftari, viatu na nauli havikufutwa. Ikiwa 195,000 haitoshi, familia imeujua ukweli. Na ni bora mara elfu kuujua kabla ya kutia saini.

Marejesho yanapokwama

Aliyekwisha kukopa na sasa amekwama, tunamnasihi asijifiche. Wa kwanza kuambiwa ni mwenzi wake, wa pili ni mkopeshaji, na aende kabla tarehe haijapita, akiwa na daftari lake mkononi. Aombe marejesho yapangwe upya yafuate mavuno. Mkopeshaji mwenye akili hupendelea kulipwa polepole kuliko kugombania shamba mnadani. Ajue pia haki yake: kwa rehani iliyo chini ya Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya kutoa notisi ya siku 60. Siku hizo ni za kutafuta suluhu na msaada wa kisheria. Na asikope kwingine ili kuziba pengo. Afadhali kuuza mbuzi leo kuliko shamba kesho.

Njia zisizo na riba pia zipo, nazo zitazamwe kwa macho mawili. Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya Kiislamu. Katika murabaha, benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja hununua nyumba pamoja, naye huinunua sehemu ya benki kidogo kidogo. Zipo pia fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, zinazokopeshwa bila riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Zilisimamishwa Aprili 2023 na zikarejeshwa mwaka 2024. Lakini tusidanganyane: deni la halali nalo hulipwa, na uhalali wa mkataba haujazi chungu kitupu. Daftari linahitajika huko pia.

Wajibu wa jamaa ya msikiti

Hapa ndipo tunapotaka kila msomaji asimame na kutafakari. Suratul-Baqara aya ya 280 inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Suratut-Tawba aya ya 60 inawataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Tukio hilo hutajwa sana ili kuwatisha wadaiwa. Mbona hatumtaji Abu Qatada? Katika safu ile alikuwepo mtu aliyesimama akasema, deni hili ni langu. Je, katika safu zetu yupo?

Tunapendekeza kila msikiti uwe na mfuko wa karadha njema. Maamuma 100 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 5,200,000. Kiasi hicho kinatosha kuzibebea familia saba marejesho ya 180,000 kwa miezi minne kila moja, mpaka mavuno yajayo. Wachaguliwe waaminifu watatu, akiwemo mwanamke, kwani kina mama wetu wa upatu na vijumbe wao wamezishika fedha za watu kwa uaminifu miaka mingi. Kila mkopo uandikwe na ushuhudiwe kama aya ya 282 inavyoelekeza, na hesabu za mfuko, bila ya kutaja majina ya wadaiwa, zisomwe kila mwezi mbele ya jamaa. Mfuko usiosomewa hesabu hufa, na imani ya watu hufa nao.

Tusipofanya hivyo, Ijumaa tutailaani riba, na Jumatatu ndugu yetu atakwenda kwa mwenye riba kwa kuwa ndiye pekee aliyemfungulia mlango.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalipie wadaiwa wetu madeni yao, azitie baraka riziki za halali, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowapa muda wenye dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.