Kabla ya Kuagiza Kitanda cha Mninga

Msimu wa ndoa ukikaribia, wazazi wengi huelekea kwa seremala wakiwa na neno moja tu mdomoni: mninga. Hatuna ugomvi na neno hilo. Mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mlango wake haubani wakati wa masika. Mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu.

Lakini, msomaji wetu, mwenye sifa hizo ni kiini. Ule ubao mweupe ulio karibu na gome ni chakula cha bungua, na vanishi iliyokolezwa rangi huuficha weupe wake barabara. Sisi wenyewe tulipata kununua kitanda cha namna hiyo. Mwaka haukwisha, unga laini ukawa unadondoka chini ya chaga kila asubuhi, na muuzaji akatujibu kuwa hilo ni vumbi tu. Hiyo ni ghushi. Tangu hapo hukagua kwanza pale pasipopakwa kitu: chini ya chaga, na nyuma ya ubao wa kichwani.

Mvule una tabia zake. Ukiwa mbichi ni wa manjano, kisha hugeuka kahawia kadiri siku zinavyopita. Basi msimlaumu fundi kwa kabati jipya kutofanana na la zamani. Mchwa hawaupendi. Wakati mwingine shina lake huficha jiwe la chokaa, na msumeno ukilikuta huharibika meno. Vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, hivyo fundi anayeranda mvule uani kwenu mwombeni asogee mbali na watoto, naye ajifunge kitambaa puani.

Mtiki una mafuta, na gundi hushika vyema ubao uliorandwa punde. Mpingo huzama majini na hufisha makali ya zana. Kitanda chake hatujapata kukiona.

Kwa mti wowote, ulizeni mbao zimeanikwa tangu lini. Kadirio la mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, zikiachiwa nafasi ya kupitisha hewa. Mwenye harusi mwezi ujao, akaonyeshwa mbao zilizopasuliwa juzi, ni afadhali bibi harusi aanze na godoro sakafuni.