Faiba Imefika Angani, Taarifa Haijafika Kisanga

Kila tunapozungumzia sayansi ya anga mbele ya watu wenye shida za kila siku, huzuka swali lenye kejeli: mkulima wa mahindi wa Kisanga, kule Kilosa, ana haja gani na nyaya zilizomo ndani ya satelaiti? Nalichukulia swali hilo kwa uzito, maana linatoka kwa wananchi waliochoka kusikia habari za maendeleo yasiyofika kwenye sahani zao. Jibu langu ni kwamba haja ipo, na ni kubwa, ila tumeiacha ipotee njiani.

Tarehe 2 Novemba 2009 Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha satelaiti iitwayo SMOS, yenye kazi ya kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari kutoka kimo cha takriban kilomita 758. Udongo hutoa mawimbi dhaifu mno ya redio, na udongo mkavu hutoa kwa nguvu zaidi kuliko uliolowa. Ili kuyanasa, SMOS ilibebeshwa vipokezi 69 vilivyopangwa juu ya mikono mitatu katika umbo la herufi Y. Vipokezi vyote sharti vifuate saa moja. Kimoja kikichelewa hata kidogo, hesabu nzima inaharibika.

Hapo ndipo faiba ilipohitajika. Waya wa shaba unaopitisha umeme hutoa kelele za sumakuumeme, na kelele hizo zingeweza kuyafunika mawimbi yaleyale yanayotafutwa. Uzi wa kioo hupitisha mwanga. Hautoi kelele hizo wala hauzipokei, ni mwepesi, na huvumilia kukunjwa pamoja na mikono ya chombo wakati wa kurushwa. Kwa nyuzi hizo mapigo ya saa kuu husambazwa kwa vipokezi, na kwa nyuzi hizo data hurudishwa katikati. Wahandisi wa Ulaya hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo: satelaiti ya Marekani ya SAMPEX, iliyorushwa Julai 1992, ilikwisha kutumia faiba kwa mawasiliano yake ya ndani.

Sasa turudi Kilosa. Chini ya miezi miwili baada ya SMOS kurushwa, mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu walipoteza makazi na Reli ya Kati ikakatika. Sidai kwamba satelaiti ile ingeyazuia maji. Wakati huo ilikuwa bado katika majaribio. Nadai kwamba wilaya kama ile ina sababu zote za kutaka kujua hali ya udongo wake. Udongo uliokwisha kushiba maji haunywi tena, na mvua inayofuata hukimbilia mtoni. Kwa upande mwingine, anayepanda kwa kuamini mvua ya kwanza, huku udongo haujashika maji ya kutosha, huzika mbegu yake na mkopo wake pamoja.

Vipimo vya SMOS hutolewa bila malipo kwa yeyote anayeviomba, na satelaiti hupita juu ya eneo lilelile angalau mara moja kila siku tatu. Kwa hiyo hatuwezi kusingizia ufukara. Swali la kisiasa ni hili: katika mfumo wetu wa utumishi wa umma, ni kazi ya nani kuvisoma vipimo hivyo kwa niaba ya kata moja ya Kilosa?

Nakubali kuwa vipimo hivyo vina kasoro. Nukta moja ya ramani ya SMOS hufunika upana wa kilomita 40 hivi, na ndani ya upana huo mna mlima, bonde, msitu na shamba. Msitu mnene huyaficha mawimbi ya udongo. Satelaiti pia huona sentimita chache tu za juu. Hakuna chombo kinachoweza kumwambia mkulima habari za shamba lake kumshinda yeye mwenyewe. Lakini yeye naye haoni wilaya nzima, wala haoni kwa pamoja hali ya mito inayomwagia maji bondeni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Uganda ilirusha PearlAfricaSat-1 Novemba 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Wapo wanaouliza Tanzania inangoja nini. Mimi nauliza kwanza tumeandaa watu wangapi wa kusoma kinachokwisha kupatikana. Bendera yetu ikipepea angani huku afisa ugani akikosa hata vocha ya intaneti, tutakuwa tumenunua fahari kwa bei ya chakula.

Ninyi wanafunzi, hususan mlioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pimeni udongo katika kata, ulinganisheni na vipimo vya angani, kisha andikeni matokeo kwa Kiswahili ambacho mkutano wa kijiji utakielewa. Watumishi wa halmashauri, unganisheni vipimo hivyo na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mtajeni kwa cheo afisa atakayevifikisha katani. Wanaharakati, ulizeni wakati wa bajeti: fungu la kazi hiyo liko wapi?

Wahandisi walihangaika ili mapigo ya saa yafike bila kelele kwenye kila kipokezi, hata kile cha mwisho kwenye ncha ya mkono. Serikali inayojiita ya wananchi inapaswa kuihangaikia Kisanga kwa kiwango hicho hicho.